Kitabu Kilichorudi Kikinuka Moshi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye kaunta ya watoto ya maktaba moja huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, alikuja binti wa darasa la nne kurudisha kitabu cha hadithi. Ilikuwa mwishoni mwa likizo ya Juni, asubuhi ya baridi ile ambayo mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni. Nilipokifungua kile kitabu, kilinuka moshi wa kuni. Ukurasa wa tisa ulikuwa na doa la mchuzi wa maharage, na kona za chini zilikuwa zimeviringika na kuwa nyeusi, kama za kitabu cha nyimbo cha mwanakwaya. Nikamwambia alete faini. Hakuleta. Kadi yake ilikaa kwenye kisanduku mpaka muda wake ukaisha, na mwenyewe sikumwona tena.

Katika makosa yangu ya kazi ya ukutubi, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kona nyeusi zilikuwa zinaniambia kwamba kurasa zote zimefunguliwa. Doa la maharage lilikuwa linaniambia kwamba mtoto alishindwa kukiweka kitabu chini hata wakati wa kula. Na moshi je? Juni na Julai huku kwetu, kuanzia Uyole hadi Makete na Mufindi, mtoto hakai sebuleni. Anakaa jikoni karibu na mafiga, kwa sababu ndiko kwenye joto. Kule Kitulo sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, inatanda juu ya nyasi alfajiri, halafu mimi nadai kitabu kirudi kikinuka karatasi mpya!

Naanza na hilo kwa sababu tunapozungumzia programu za kusoma wakati wa likizo, watu huwaza bango, fulana na mgeni rasmi. Mimi naanzia kwenye swali moja: je, kitabu kinatoka ndani ya jengo au hakitoki? Kama hakitoki, mengine yote ni sherehe.

Jambo hili wenzetu walilianza zamani. Katika mji wa Cleveland, Marekani, maktaba ya umma iliunda umoja wa wasomaji watoto mwaka 1897. Uingereza, tangu 1999, maktaba za umma huwapa watoto changamoto ya kusoma vitabu, kwa kawaida sita, katika likizo yao ndefu ya majira ya joto, na kila mtoto anachagua vya kwake. Utafiti ulioipa kazi hii uzito ni wa Barbara Heyns, mwanasosholojia wa Marekani, aliyewafuatilia wanafunzi wa mji wa Atlanta na kuchapisha matokeo yake mwaka 1978. Aliona kwamba tofauti kati ya watoto wa familia zenye uwezo na watoto wa familia maskini hupanuka zaidi shule zikiwa zimefungwa kuliko zikiwa wazi. Katika mambo ambayo watoto walifanya wakati wa likizo, kusoma ndiko kulikoambatana zaidi na kupanda kwa maarifa yao, na watumiaji wa maktaba ya umma walinufaika wazi.

Hata hivyo tusichukue kalenda ya watu tukaivaa kama ilivyo. Likizo ya Marekani hufika miezi miwili na nusu. Yetu ya Juni ni wiki chache, tena ni msimu wa mavuno: mahindi yanavunwa, viazi vinachimbwa, na mtoto ana zamu yake shambani au kwenye meza ya mama yake sokoni. Desemba mvua zimeanza, ni kupanda na palizi. Mwalimu anayempangia mtoto kama huyo saa tatu za kusoma kwa siku hajawahi kupalilia. Dakika ishirini baada ya chakula cha jioni zinatosha, ili mradi kitabu kiwe mkononi.

Pengo letu kubwa lipo mahali pengine. Mtoto anayemaliza darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kuingia kidato cha kwanza Januari. Hiyo ni karibu miezi minne. Anayemaliza kidato cha nne hufanya mtihani Novemba na, akichaguliwa, huanza kidato cha tano Julai. Hiyo ndiyo likizo yetu ndefu, na ndiyo ambayo maktaba nyingi hatuna mpango nayo. Mwenye uwezo anampeleka mtoto kwenye masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Asiye na uwezo anamwacha mtoto akae, na Januari huyo mtoto anakutana na Kiingereza karibu katika kila somo. Kama ningeruhusiwa kufanya programu moja tu kwa mwaka, ningefanya ya hawa wa darasa la saba, kuanzia wiki inayofuata mtihani, kabla hawajazoea kukaa bila kitabu.

Sasa nije kwenye kuchagua kitabu, maana hapa ndipo wazazi wengi na hata walimu wanapokosea kwa nia njema. Kuna kipimo kinachojulikana sana cha vidole vitano: mtoto anasoma ukurasa mmoja, kila neno linalomshinda anakunja kidole, vikiisha vitano kitabu ni kigumu. Kwa Kiingereza kipimo hiki kinasaidia, kwa sababu maandishi ya Kiingereza hayafuati sauti. Herufi zile zile husomeka vingine katika tough na vingine katika though. Kwa Kiswahili kinadanganya. Lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto aliyeshika ba be bi bo bu atasoma “kughushi” na “mfadhaiko” bila kukunja kidole hata kimoja, na asijue amesoma nini. Nimewasikiliza watoto wakisoma ukurasa mzima kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Ukifunga kitabu na kuuliza nani alikuwa anagombana na nani, mtoto anatazama dari.

Kwa hiyo kwa vitabu vya Kiswahili, usihesabu maneno aliyokwama. Funga kitabu, mwambie akusimulie. Akisimulia kwa mpangilio, hata kama ameruka mambo, kitabu kinamfaa. Akirudia sentensi ya mwisho tu, mshushie kiwango, tena bila kumwaibisha. Na akisimulia kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, mwache asimulie. Unachopima pale ni kama hadithi imeingia. Wapo walimu wasiokubaliana nami kwa hili, wanasema tunaharibu Kiswahili cha mtoto. Bado sijaona mtoto aliyeharibika Kiswahili kwa kumsimulia bibi yake hadithi.

Tukimtaja bibi, ngoja nikae kidogo hapo. Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yakafunguliwa hadi chini ya miti, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima tisa katika kila kumi wanajua kusoma. Ilikuwa kazi kubwa, na maktaba za vijijini zilianzishwa kwa sababu waliopanga walijua jambo moja: aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, anasahau. Nyingi ya maktaba zile zilififia. Ndiyo maana leo utamkuta bibi aliyepita kisomo, anaandika jina lake vizuri kabisa, lakini ukimpa gazeti anakwambia macho yamechoka. Mara nyingine ni macho kweli. Mara nyingine ni miaka mingi bila kitabu.

Bibi kama huyo ni msikilizaji ambaye hakuna maktaba inayoweza kumwajiri. Ana muda, yuko jikoni, na ana lile swali la “ehe, ikawaje?” Mtoto akikwama, bibi anangoja, hamnyang'anyi neno kinywani kama tunavyofanya sisi wenye haraka. Ndiyo maana katika likizo tunawashauri watoto waazime angalau kitabu kimoja kutoka namba 398, ambayo katika mpangilio wa Dewey, yaani namba tunazotumia kupanga vitabu rafuni kwa mada, ndiko zinakokaa hadithi za jadi. Sungura na fisi bibi anawajua kabla ya kitabu. Atamkatiza mjukuu: “Si hivyo, huku kwetu fisi alidanganywa hivi.” Tayari kuna hadithi mbili zinazolinganishwa, na mtoto amelazimika kurudi kwenye maandishi kuthibitisha kitabu kinasemaje. Huo ni ufahamu wenyewe, na hakuna aliyeuita somo.

Nirudi kwenye lile swali la kitabu kutoka ndani ya jengo. Wakutubi tunaogopa, na hofu yetu ina msingi. Kitabu ni mali ya umma, kimeandikwa kwenye rejesta kwa namba. Mkaguzi akija anahesabu vilivyopo rafuni. Hakuna safu ya kuhesabu vilivyosomwa. Kwa hiyo shule nyingi zina kabati la vitabu vizuri kabisa, vingine bado vimebandana kurasa, na funguo anazo mwalimu mmoja ambaye yuko likizo. Wa kulaumiwa kwanza si huyo mwalimu. Atakayedaiwa kitabu kikipotea ni yeye.

Dawa yake ni kupanga hasara mapema. Shule na maktaba itenge vitabu vya likizo, ivivalishe nailoni ngumu, iimarishe mgongo kwa utepe wa kitambaa wenye gundi, na kikao cha uongozi kiandike kwenye muhtasari kwamba hivi ni vya kuchakaa, na vikichakaa vitaondolewa kwenye rejesta kwa utaratibu. Muhtasari uliosainiwa unamlinda mwalimu kuliko kufuli. Mtoto aazime viwili, akirudisha apewe vingine viwili. Kwenye daftari andika jina, kitabu, tarehe, basi. Fomu ndefu yenye picha na mdhamini mwajiriwa inamfaa mkazi wa mjini. Mama anayeuza ndizi stendi ya Tukuyu atamtoa wapi mdhamini mwajiriwa siku hiyo hiyo? Barua ya mwalimu mkuu itoshe. Na faini kwa watoto, kwa maoni yangu, iondolewe. Aliyepoteza kitabu aje asaidie kubandika vilivyochanika Jumamosi mbili. Atakuja, na akishakuja ataondoka na kingine.

Kwa mzazi aliye Mbeya mjini au Iringa mjini, maktaba ya mkoa ipo na ina sehemu ya watoto. Nenda na mtoto mwenyewe, usimchagulie, na ulizia ada ya uanachama wa watoto na idadi ya vitabu anavyoruhusiwa kuondoka navyo. Akichagua kitabu ambacho wewe unaona ni cha kitoto, meza mate. Akichagua kile kile alichosoma mwezi jana, meza tena. Kurudia kitabu ndiko kunakomtoa mtoto kwenye kukokota silabi na kumfikisha kwenye kusoma kwa mtiririko, kwa sababu akili haihangaiki tena na maneno, inapata nafasi ya kufuata habari.

Kwa ninyi mliomaliza kidato cha nne, mnaosubiri matokeo na kuambiwa nyumbani kwamba mnakaa tu: sehemu ya watoto inahitaji watu wa kukaa chini kwenye mkeka na kusikiliza mtoto mmoja akisoma, kisha mwingine. Hakuna mshahara, nasema mapema. Njooni na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, muulizeni mkutubi zamu ya asubuhi ya Jumamosi, na vaeni sweta, maana ukumbi hauna mafiga.