Kwa nini maji ni kimiminika katika joto la kawaida

Kwa uzito wa molekuli peke yake, maji yalistahili kuwa gesi. Molekuli ya maji ina uzito wa 18. Ile ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya gesi asilia ya Songo Songo, ina 16, tofauti ndogo mno. Lakini methani haigeuki kimiminika mpaka ipozwe hadi karibu nyuzi 162 chini ya sifuri. Oksijeni tunayovuta ina 32, nzito kuliko maji, nayo ni gesi. Linalonishangaza zaidi ni haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama mayai viza. Imeundwa kama maji, ila mahali pa oksijeni pamekaa salfa. Uzito wake ni 34, na huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Maji husubiri hadi nyuzi 100.

Sababu ni jinsi molekuli za maji zinavyoshikana. Oksijeni huvuta elektroni, chembe ndogo zenye chaji hasi, kwa nguvu kuliko haidrojeni, kwa hiyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo, na haidrojeni zote mbili hubaki na chaji chanya kidogo. Molekuli yenyewe imepinda, kwa pembe ya nyuzi 104.5 hivi; kama ingenyooka, mivuto ya pande mbili ingefutana. Basi haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani. Huo ndio muungano wa haidrojeni. Ni dhaifu sana ukilinganishwa na ule unaofunga atomu ndani ya molekuli, lakini kila molekuli inaweza kushikana na majirani wanne.

Joto la nyuzi 25 huivunja miungano hiyo bila kukoma, ila molekuli iliyoachia hapa hushika pale papo hapo. Ndiyo maana maji hutiririka bila kutawanyika hewani. Chache zilizo juu huponyoka, na nguo hukauka kwenye kamba. Chini ya sifuri mtikisiko wa molekuli hupungua, miungano hutulia, tunapata barafu.

Kuna pia mgandamizo wa hewa, ambao watu wengi huusahau. Nyuzi 100 ni za usawa wa bahari. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ambako mgandamizo ni mdogo, maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Na ukiyafungia maji ya nyuzi 25 ndani ya chombo, ukaifyonza hewa kwa pampu, yatachemka bila moto.