Dickens hakulipwa kwa neno
Hii ya kwamba Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alilipwa kwa kila neno ndo maana vitabu vyake virefu, nimeisikia tangu sekondari na jamani si kweli. Alilipwa kwa toleo. Riwaya yake Bleak House ya 1852 hadi 1853 ilitoka kila mwezi, kijitabu cha kurasa 32 na picha 2, bei shilingi 1 ya Uingereza, na kurasa 32 ni 32, akizidisha maneno hapati hata senti ya ziada, wakati mwingine ilibidi akate. Urefu ulitokana na sehemu hizo za kila mwezi kuwa 20, basi. Pesa aliijali, sawa, alifanya kazi kiwandani akiwa na umri wa miaka 12 huku baba yake yuko jela kwa madeni, ila kumwita mjaza maneno ni kumwonea. A Tale of Two Cities aliitoa kila wiki kwenye jarida lake mwenyewe 1859, na hiyo ni fupi tu.