Je, wajua kwa nini Kiingereza husema korosho iko "on" bibo hata inaponing'inia chini yake?

Msimu wa korosho unapofika katika mikoa ya Lindi na Mtwara, mikorosho huonyesha jambo ambalo ni nadra katika mimea mingine: bibo, yaani lile linaloonekana kuwa tunda, liko juu, na korosho yenyewe iko nje, imeshikamana na ncha ya chini. Mswahili hana shida ya kueleza hali hiyo, kwani korosho iko chini ya bibo. Mwenye Kiingereza anapoutazama mti huohuo hutumia neno "on" kwa korosho iliyoshikamana na bibo, na hulitumia tena kwa bibo linaloning'inia kwenye tawi. Kwa nini neno ambalo shuleni hufundishwa kwa maana ya "juu ya" litumike kwa vitu ambavyo viko chini?

Jibu ni kwamba neno "on" halipimi kimo. Fasiri ya "juu ya" imeenea kwa sababu mfano wa kwanza katika kila darasa ni kikombe au kitabu kilicho mezani, na hapo maneno hayo mawili hukutana. Yakitoka mezani huachana mara moja. Nzi aliyekaa darini, miguu yake ikiwa imeshika upande wa chini wa ubao, kwa Kiingereza yuko "on the ceiling". Mswahili akisema nzi yuko juu ya dari, msikilizaji atamtafuta kule kwenye paa. Picha iliyotundikwa ukutani ni "on the wall", ilhali picha iliyo juu ya ukuta ingekuwa imelazwa pale ukuta unapoishia. Pete iko "on the finger", na hakuna Mswahili atakayesema kwamba pete iko juu ya kidole.

Kosa hilo lina upande wa pili, ambao hutajwa mara chache zaidi. Taa inayoning'inia kutoka darini bila kuigusa meza iko juu ya meza, na ndege anayepita angani yuko juu ya Ghuba ya Mtwara. Kiingereza hukataa "on" katika hali zote mbili na kudai "over" au "above". Hivyo basi, "juu ya" huenea mahali ambapo "on" halifiki, na "on" huenea mahali ambapo "juu ya" haifiki. Kuyafanya yawe maneno sawa si kurahisisha somo, bali ni kumfunza mwanafunzi ramani ya lugha ambayo haipo.

Kinachotafutwa na "on" ni mambo mawili: kitu kimoja kugusa uso wa kingine, na hicho kingine kukibeba au kukishikilia kisianguke. Mfikirie mama anayetoka sokoni akiwa na ndoo kichwani, mtoto mgongoni na kikapu kinachoning'inia mkononi. Vitu hivyo vitatu viko katika vimo vitatu tofauti. Kimoja kimekaa juu, kingine kimeegemezwa nyuma, na cha tatu kinavutwa na uzito wake kuelekea chini. Ukiuliza kila kimoja kiko wapi, utapata majibu matatu. Ukiuliza nani anakibeba, utapata jibu moja tu. "On" hujibu swali hilo la pili, na ndiyo maana Kiingereza hulitumia kwa kichwa, kwa mgongo na kwa mkono bila kubagua. Mkorosho nao hutii kanuni hiyo kikamilifu, kwa kuwa kwa mujibu wa elimu ya mimea bibo si tunda halisi bali ni kikonyo kilichovimba, na kazi ya kikonyo ni kushikilia.

Hata hivyo, kanuni hiyo haitoshi kwa kila kitu. Mji wa Lindi uko "on the coast", na pwani haiubebi mji kwa namna yoyote. Kilichobaki hapo ni kugusana peke yake. Siku za juma hupewa "on", miezi hupewa "in", na wala hakuna kinachobebwa. Wanaisimu hawakubaliani kama matumizi hayo yote yana kiini kimoja au ni mtandao wa maana jamaa zilizozaana moja baada ya nyingine. Njia hiyo ya pili ilipata umaarufu mwaka 1987, George Lakoff alipochambua kwa kirefu neno "over" kwa kulifuata tawi kwa tawi.

Vyombo vya usafiri ndivyo huwasumbua watu zaidi. Abiria wa basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam yuko "on the bus", lakini aliye ndani ya teksi yuko "in". Avukaye Ghuba ya Mtwara kwenda Msangamkuu yuko "on" akipanda pantoni na "in" akipanda mtumbwi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba chombo chenye sakafu ya kusimama na kutembea huchukuliwa kuwa jukwaa linalobeba, na chombo cha kuketi tu huchukuliwa kuwa kitu cha kutiwa ndani. Maelezo hayo yanafaa kwa meli, treni na ndege kubwa, ila hayamalizi jambo: basi bovu lililotelekezwa lina sakafu ileile, lakini watoto wanaochezea ndani yake huwa "in the bus". Inaonekana safari yenyewe pia huhesabiwa.

Ugawaji huu si wa lazima kwa akili ya binadamu. Mwaka 1992 Melissa Bowerman na Eric Pederson, wa Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha huko Nijmegen, Uholanzi, waliandaa michoro 71 ili kulinganisha jinsi lugha zinavyotaja mahali pa vitu. Hali walizozilinganisha zinaweza kupangwa kama ngazi: kikombe mezani, plasta mguuni, picha ukutani, kitasa mlangoni, tunda tawini, na mwisho tunda bakulini. Kiingereza hutumia "on" kwa tano za kwanza na "in" kwa ya sita. Kiholanzi huzikata zile tano mara mbili: "op" kwa kikombe na plasta, kisha "aan" kwa picha, kitasa na tunda la tawini. Kihispania huweza kuzifunika zote sita kwa "en".

Msomaji atakuwa ameona kwamba Kiswahili nacho kimezipita zote sita kwa kiambishi -ni. Je, basi lugha yetu haitofautishi? Inatofautisha, ila kazi hiyo imewekwa kwenye upatanisho: kikombe kipo mezani, tunda limo bakulini, mlangoni pana watu, shambani kuna watu, chumbani mna watu. Po hutaja mahali mahususi, ko mahali pasipo mipaka dhahiri, mo undani. Katika mazungumzo ya kila siku wengi huridhika na "iko" hata panapostahili "imo", jambo ambalo kwa maoni yangu ni hasara. Lugha jirani za kusini, yaani Kimakonde, Kimwera na Kiyao, huweka viambishi vya jamii ya pa-, ku- na mu- mwanzoni mwa nomino yenyewe, kwa hiyo huko tofauti husikika kabla hata kitenzi hakijafika.

Visiwa navyo vina utaratibu wao. Kiingereza huwa na mwelekeo wa kuvipa "on" visiwa vidogo na "in" vile vinavyofikiriwa kuwa nchi, kwa hiyo mtu huwa "on Mafia" lakini "in Madagascar", nayo Zanzibar hupewa yote mawili kulingana na kama msemaji anafikiria ardhi au serikali. Kwa Kilwa Kisiwani, Mwingereza hulazimika kuchagua "on" au "at" mbele ya jina ambalo tayari limebeba -ni yake.