“Kwani mimi nimekuwa wa Mirembe?” Tunayoyachanganya kuhusu mwanasaikolojia na daktari wa akili

Mama mdogo alikuwa anavaa sweta. Dar es Salaam, mwezi wa pili, saa nane mchana, na sweta limefungwa vifungo hadi shingoni. Alikuwa analala mchana kutwa, anaongea polepole kama mtu anayetafuta maneno gizani, na machozi yalikuwa karibu muda wote. Familia ilikaa kikao. Mjomba alitaka asomewe dua. Dada yangu alitaka apelekwe kwa mwanasaikolojia. Shemeji alipotaja daktari bingwa wa magonjwa ya akili, sebule nzima ilinyamaza, na mama mdogo akauliza kwa sauti ndogo: “Kwani mimi nimekuwa wa Mirembe?”

Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, imetibu watu wengi wakarudi makazini na kulea watoto wao, lakini midomoni mwetu jina lake limebaki kuwa tusi. Ndiyo maana nataka tuzungumze kuhusu wataalamu hawa wawili, kwa sababu kuwachanganya kunawagharimu wagonjwa miezi, na mara nyingine miaka.

“Ni walewale, tofauti ni majina tu”

Daktari wa akili ni daktari kwanza. Amesoma udaktari wa binadamu miaka mitano au sita, akafanya kazi chini ya uangalizi hospitalini, kuzalisha na kushona majeraha kama madaktari wenzake, ndipo akarudi chuoni kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Anaweza kuagiza vipimo vya damu, kuandika dawa na kulaza mgonjwa wodini.

Mwanasaikolojia hajapita njia hiyo. Amesomea akili na tabia: namna mtu anavyofikiri, anavyojifunza, anavyoogopa. Anayetibu wagonjwa huitwa mwanasaikolojia tiba, na kwa kawaida huwa na shahada ya uzamili pamoja na mafunzo ya vitendo. Vifaa vyake ni mazungumzo yenye mpangilio, mazoezi na vipimo vya kisaikolojia. Kwetu haandiki dawa. Kuna majimbo machache ya Marekani yanayomruhusu akishasomea zaidi, New Mexico likiwa limepitisha sheria hiyo mwaka 2002, lakini hiyo si hali ya Afrika Mashariki.

“Mwanasaikolojia ni wa wenye mawazo, daktari wa akili ni wa vichaa”

Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote. Inawafanya wataalamu hawa waonekane kama ngazi: unaanza chini kwa mwanasaikolojia, ukishindikana unapandishwa kwa daktari, na kupandishwa huko ni aibu. Ukweli ni kwamba kila mmoja anashika upande wake wa tatizo. Mtu mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, hata ya kawaida kabisa, anayeenda kazini kila siku, anaweza kuhitaji dawa. Na mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, ambaye sauti hizo zimetulia kwa dawa, anaweza kumhitaji sana mwanasaikolojia ili ajifunze kuishi tena na watu.

Mama mdogo alikubali kwenda kwa mwanasaikolojia kwa sababu neno hilo halikumtisha. Nilimsindikiza. Siku ya pili mwanasaikolojia yule aliacha maswali yake, akalitazama lile sweta, akauliza: “Mama, unasikia baridi tangu lini?” Kisha akauliza kuhusu choo kigumu, nywele kukatika, na uzito uliopanda ilhali chakula hakiliki. Akaandika barua kwa daktari bingwa wa akili, akatuambia twende wiki hiyohiyo.

Daktari alimminya shingo taratibu kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate, akaandika kipimo cha damu. Tezi ya shingo ilikuwa haitoi homoni ya kutosha. Ukosefu wa homoni hiyo unaweza kumfanya mtu awe mzito, mwenye huzuni na msahaulifu, kiasi kwamba ukimtazama unaona sonona. Leo anameza kidonge kimoja asubuhi kabla ya chai. Sweta liko kabatini.

Sisemi kila huzuni ni tezi. Nyingi si tezi. Nasema mwili unaweza kuvaa sura ya ugonjwa wa akili, na kuutambua mchezo huo ni kazi ya daktari. Malaria iliyopanda kichwani huweza kumfanya mtu aropoke. Kaswende isiyotibiwa hufika kwenye ubongo. Hata dawa huweza: efavirenzi, iliyotumika sana kwetu kutibu VVU kabla ya dawa mpya ya dolutegraviri, iliwaletea baadhi ya watu ndoto za kutisha na wasiwasi mkubwa, na wapo waliodhani wamerogwa.

“Kuongea tu? Hata shangazi anaweza kuniliwaza”

Shangazi anafariji, na faraja ni kitu kikubwa. Mwanasaikolojia anafanya kazi nyingine. Binamu yangu alipata ajali ya bodaboda; mguu ulipona ila kila akisikia mlio wa pikipiki moyo ulimwenda mbio na jasho likamtoka. Tulimwambia ajikaze, haikusaidia kitu. Mwanasaikolojia alimpa daftari la shule lenye hatua kumi alizoandika mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa kutazama picha ya pikipiki. Ya nne, kusimama kijiweni dakika kumi bila kukimbia. Ya saba, kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa. Pembeni ya kila hatua binamu aliandika hofu yake kwa namba, sifuri hadi kumi, na hakusogea mbele mpaka namba ishuke. Alimaliza baada ya wiki kumi na nne. Hakumeza kidonge hata kimoja.

“Daktari wa akili kazi yake ni kukupa dawa za maisha”

Wapo wagonjwa wanaohitaji dawa kwa muda mrefu, kama ilivyo kwa kisukari. Wengine hutumia kwa miezi kadhaa, kisha daktari huzipunguza kidogokidogo. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nguvu yake, na hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifanyi kazi. Mgonjwa akikakamaa au kutokwa mate kwa sababu ya dawa za kutuliza skizofrenia kama haloperidoli, mrudisheni kwa daktari apunguze dozi au aongeze ya kuzuia madhara hayo. Msizitupe.

Tena, daktari naye anaweza kutibu kwa mazungumzo. Aaron Beck, aliyeanzisha tiba ya kubadili fikra huko Philadelphia miaka ya 1960, alikuwa daktari wa akili.

“Anaongea redioni kuhusu ndoa, basi ni mwanasaikolojia”

Muulize amesajiliwa wapi. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Kwa upande wa daktari, wa Tanzania Bara huwa na usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Aliye halali hatakasirika kuulizwa.

“Sasa nianze kwa nani?”

Nchi zetu hazina hata daktari bingwa wa akili mmoja kwa kila watu laki moja, kwa hiyo nje ya miji mikubwa huenda usimpate yeyote kati ya hawa wawili. Nenda hospitali ya wilaya, uliza kliniki ya afya ya akili. Muuguzi au tabibu wa pale atakusikiliza na kukuandikia rufaa. Lakini mtu akianza kusikia sauti zisizokuwapo, akikesha siku kadhaa bila kuchoka, au akisema anataka kujiua, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, na asiachwe peke yake njiani.