Sifuri nayo ni hesabu: maelezo kwa wanaojitolea katika sensa ya ndege wa miombo

Kila kipupwe, vijana wanaokuja Tabora kujitolea katika sensa ya ndege hutoka porini na kauli ile ile, kwamba msitu huu hauna ndege. Msimu huu nimepokea pia fomu za vituo kadhaa, yaani sehemu ambapo mhesabuji husimama dakika kumi akisikiliza na kuhesabu ndege, zisizo na neno hata moja, kwa maelezo kwamba hapakuwa na cha kuandika. Jambo hili linanikera, nami nitalieleza kwa kirefu.

Ndege wa miombo hawakutawanyika sawasawa. Nje ya majira ya kutaga, wengi wao hutembea katika makundi ya mchanganyiko: mramba huvizia wadudu wanaokurupushwa na wenzake, vigogota hupekua magome, na wengine wadogo hupitia majani, kundi zima likihama kutoka mti mmoja wa mtundu hadi mwingine. Kundi likiwa mbali, utasimama dakika zako kumi na kumsikia tetere mmoja tu, au usisikie kitu kabisa. Likikupitia, utapata spishi zaidi ya kumi katika muda huo huo. Vituo vingi vyenye sifuri na vichache vilivyofurika ndiyo sura halisi ya msitu huu. Anayeziacha sifuri hupandisha wastani, hivyo yule anayeamini kwamba ndege hawapo ndiye anayetufanya tutangaze wengi kuliko waliopo.

Fomu tupu ina ubaya zaidi, kwa sababu mchambuzi hawezi kujua kama kituo hakikufikiwa, kama upepo ulizuia usikivu, au kama mtu alisikiliza kwa makini na asipate ndege. Andika sifuri, saa ya kuanza na ya kumaliza, na hali ya upepo. Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege katika maeneo haya mwanzoni mwa miaka ya 1880, na ambaye jina lake limebaki kwa ndege mdogo wa miombo mwenye madoa meusi kifuani, ametuachia vielelezo vya alichokipata. Vielelezo hivyo haviwezi kutuambia ni wapi alitafuta akakosa. Fomu zenu zinaweza.

Kuhusu darubini nitasema machache. Jangwani jicho hufika mbali, lakini hapa sikio ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo jifunzeni milio kabla ya kufika. Msivae bluu wala nyeusi, kwa kuwa mbung'o hufuata rangi hizo.

Yapo mashaka ambayo vitabu vya mafunzo huyapitia haraka mno. Kukadiria umbali wa ndege kwa mlio wake pekee ni kazi ngumu, na wahesabuji wawili wazoefu waliosimama pamoja hutofautiana. Dakika kumi nazo hazinipi utulivu: ukizipunguza, kundi linakupita kabla hujalitambua, ukiziongeza, ndege walioingia baadaye huhesabiwa kana kwamba walikuwapo tangu mwanzo, na msongamano, yaani idadi ya ndege kwa eneo, unakuzwa. Bado naona dakika kumi zinafaa, ila siwezi kuzitetea kwa moyo wote.

Vilevile hesabu ya Juni isilinganishwe na ya Oktoba, wakati miombo imechipua majani mekundu kabla ya mvua, ndege wengi wanaimba na kutaga, na wahamiaji kutoka Ulaya wameanza kuwasili. Atakayerudi Oktoba asimame kwenye vituo vile vile vya kipupwe, vikiwemo vyote vilivyompa sifuri.