Likizo Ng'ambo Wakati wa Janga: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Kazi yangu ni kukata tiketi za ndege hapa Dodoma. Mtu wa kwanza kuniuliza "sasa niende au nisiende?" alikuwa bwana harusi mmoja, Machi 2020. Fungate yake ilikuwa Dubai. Nilimjibu kwa namna ambayo mpaka leo inanisikitisha: anga liko wazi, tiketi ipo, uamuzi ni wako. Sikumwuliza anaishi na nani, wala akirudi atafikia wapi. Shirika la ndege likafuta safari kabla hajaondoka, tukabaki mimi na yeye tukihangaikia fedha zake kwa miezi.

Tangu hapo swali lile hurudi kila ugonjwa unapotajwa redioni. Lilirudi Januari 20, 2025, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza hapa hapa Dodoma, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitika Biharamulo, mkoani Kagera. Ule haukuwa ugonjwa wa dunia nzima, na Machi 13 mwaka huo huo ulitangazwa kuwa umekwisha. Lakini wiki ile nilisikia upya karibu kila neno nililolisikia wakati wa corona. Nimeyakusanya hapa, na ukweli ninaoujua. Naona tumezoea kuuliza kama kwenda ni salama, halafu tunasahau kuuliza itakuwaje tukirudi.

"Ugonjwa unaletwa na wageni, si sisi"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linatupa ruhusa tusiyostahili.

Angalia corona ilivyoingia Afrika Mashariki. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 13, 2020: Mkenya aliyekuwa akirejea nyumbani kutoka Marekani kupitia London. Tanzania ikafuata Machi 16: Mtanzania aliyerudi kutoka Ubelgiji. Machi 21 ikawa zamu ya Uganda: Mganda aliyetoka Dubai. Nchi tatu, na wote watatu ni wenyeji waliokuwa wakirudi kwao. Hakuna wa kumlaumu hapo, maana hata wataalamu siku zile walikuwa bado wanajifunza. Ila somo lilikuwa wazi, na sisi tuliendelea kumtazama Mzungu mwenye begi mgongoni.

Ulaya nako ilikuwa hivyo hivyo. Kuna kijiji cha milimani Austria kinaitwa Ischgl, watu huenda kupumzika na kuteleza kwenye theluji. Machi 5, 2020 Iceland ilikiweka kwenye orodha yake ya maeneo hatari, baada ya raia wake waliotoka huko kukutwa na virusi. Baa za kijiji zilikuwa zimejaa vijana wakiimba bega kwa bega. Walipomaliza likizo kila mmoja akarudi kwao, Ujerumani, Norway, Denmark, na virusi vikapanda ndege pamoja nao. Kukusanyika kuliwaambukiza, kurudi kukausambaza ugonjwa.

Sasa linganisha mgeni na sisi. Mgeni akifika analala hotelini, anakutana na dereva, mhudumu na mpishi. Mtu wa Dodoma akirudi safari anapokelewa na shemeji zake na watoto wote wa nyumba. Kesho yake anapeleka zawadi kwa bibi kijijini Mvumi, kwa sababu haijapata kutokea mtu akatoka ng'ambo asiende kumwamkia bibi. Jumamosi ana kitchen party, Jumapili yuko kanisani, Jumatatu ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali. Ni desturi nzuri na sitaki ife. Lakini wakati wa janga, ndani ya wiki moja mtu huyo amegusana na watu wengi kuliko mtalii atakayekaa mwezi mzima.

"Nimepima, sina kitu"

Cheti cha kipimo kinasema habari za siku ile uliyotoa sampuli, basi. Siku za mwanzo baada ya kuambukizwa, virusi mwilini bado ni vichache na kipimo kinaweza kuvikosa. Kwa corona ya mwanzo, dalili zilijitokeza kwa wastani siku ya tano au ya sita, na zingeweza kuchukua hadi siku 14. Ndiyo maana wasafiri walioingia Tanzania kuanzia Machi 23, 2020 waliwekwa karantini ya siku 14, kwa gharama zao. Ubaya zaidi, mtu huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya.

Mashine ya kupima joto uwanjani ndiyo dhaifu zaidi. Inaona homa tu. Mgonjwa wetu wa kwanza alipita kwenye ukaguzi pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, bila kuonekana na homa. Alianza kujisikia vibaya baadaye, akaenda hospitali mwenyewe. Alifanya jambo sahihi. Mashine nayo haikuharibika, ilifanya kile inachoweza kufanya.

"Dodoma iko bara, magonjwa ya ng'ambo huishia Dar"

Wazee wa Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma, wana jina la njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920: Mtunya. Katikati ya njaa hiyo ikaja homa kubwa ya 1918, ile iliyoizunguka dunia, ikawakuta watu wakiwa tayari wamechoka. Ilitoka bandarini ikaingia bara, ikifuata njia za reli pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Reli ya Kati wakati huo ilikuwa imeshapita Dodoma. Umbali haukutukinga hata enzi za treni ya makaa. Leo, tangu Julai 2024, treni ya mwendokasi inamleta abiria kutoka Dar kwa saa nne hivi, na Bunge likikaa tunapokea watu wa kila jimbo la nchi hii kwa wakati mmoja.

"Jua letu kali, na ukirudi unapiga nyungu"

Virusi vya corona vilienea Dubai, India na Brazil, nchi zenye joto la kututosha sisi sote. Mvuke wa nyungu, yaani kujifukiza kwa maji ya moto, unaweza kumpa nafuu mwenye mafua yaliyoziba, lakini haufuti virusi vilivyo mwilini, na maji ya moto yameunguza watu. Usiitumie kama kibali cha kwenda kumwamkia bibi.

"Nimechanja, kwa hiyo niko huru"

Hapa panahitaji utulivu kidogo, maana wanaosema hivi wamefanya jema. Rais Samia alichanjwa hadharani Julai 28, 2021, na wengi wetu tukafuata. Chanjo ya UVIKO-19, yaani ya corona, kazi yake kubwa ni kukukinga usiumwe sana wala kufa. Haikuzuia kabisa kuambukizwa na kuambukiza, hasa baada ya Omikroni, aina mpya ya kirusi hicho, kuingia. Si sawa na ya homa ya manjano, ambayo sindano moja inatosha maisha yote na cheti chake, tangu Julai 2016, hakiishi muda. (Kumbuka tu kwamba kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Nimeona watu wakichanjwa Jumatatu wasafiri Alhamisi.)

"Ndege ndiyo chumba chenyewe cha maradhi"

Hewa ya ndani ya ndege kubwa hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, na ile inayozungushwa tena hupita kwenye vichujio vinavyonasa zaidi ya asilimia 99 ya chembechembe ndogo. Jirani anayekohoa kiti cha pembeni bado ni hatari, sikatai. Lakini mtu anayeiogopa ndege kisha akakaa saa mbili kwenye foleni ya uhamiaji bila barakoa, akapanda basi dogo lililofungwa vioo, akala usiku kwenye ukumbi uliojaa, huyo ameogopa kitu kisicho chenyewe. Hatari ya likizo iko kwenye yale yanayoifanya iwe likizo: kukaa pamoja, kula pamoja, kucheza pamoja, ndani.

"Serikali ikifungua anga, maana yake ni salama"

Kufungua anga ni uamuzi wenye mambo mengi ndani yake, na afya ni mojawapo tu. Tanzania ilisimamisha ndege za kimataifa Aprili 12, 2020 na ikaondoa zuio Mei 18. Watalii walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mpishi wa Karatu na mwendesha boti wa Nungwi wenye watoto wa kulisha. Simlaumu aliyefungua. Nasema tu kwamba mlango ulio wazi haukwambii hali ya hewa ya nje.

Tena mlango una pande mbili. Januari 21, 2021 Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia alfajiri ya kesho yake abiria wanaotoka Tanzania hawaingii, isipokuwa raia na wakazi wake. Usiku mmoja! Kuanzia Februari 15, hata hao walioruhusiwa walitakiwa kukaa hotelini siku kumi na kulipa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Nchi yetu ilitoka kwenye orodha hiyo ya nchi zilizozuiwa, waliyoiita nyekundu, Oktoba 11 mwaka huo. Waliokuja kumsalimu mama kwa wiki mbili walijikuta wanatafuta fedha ambazo hawakuzipanga.

Waislamu wenzetu walilielewa hili mapema na kwa uchungu. Saudi Arabia ilisimamisha Umra kwa wageni Februari 27, 2020, na Hija ya mwaka ule ikafanywa na watu kama 1,000 waliokuwa tayari ndani ya nchi hiyo. Walioweka akiba miaka na miaka walibaki nyumbani. Nakumbuka mzee mmoja akinieleza kwa sauti ya chini hadithi ya Mtume juu ya tauni: ikiwa mahali, msiingie, ikiwakuta mahali, msitoke. Hakudai hata siku moja kwamba ameonewa.

"Nina bima ya safari, italipa"

Chukua karatasi za bima yako usome sehemu ya mambo isiyoyalipia. Bima nyingi za safari hazilipi hasara inayotokana na janga lililokwisha kutangazwa kabla hujanunua, au ukiwa umekwenda mahali ambako serikali imeshauri watu wasiende. Nyingine zinalipa matibabu lakini hazilipi hoteli ya karantini, wala tiketi mpya, wala siku za kazi ulizokosa. Ubalozi utakusaidia kwa karatasi na ushauri, haulipi bili yako ya hospitali. Mimi sasa sikati tiketi ya mteja wakati wa mlipuko bila kumwuliza: ukikwama huko siku 14, una fedha ya kulala na kula? Wengi hunyamaza. Kama jibu ni hapana, namshauri asogeze tarehe, nami nakubali kukosa kamisheni yangu.

"Basi mipaka yote ifungwe, tukae majumbani"

Hasira hii naielewa, lakini nayo haisimami. Novemba 24, 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walitoa taarifa ya aina mpya ya kirusi cha corona, ile iliyoitwa Omikroni. Ndani ya siku tano Marekani ilikuwa imewafungia milango wasafiri kutoka nchi nane za kusini mwa Afrika, zikiwemo jirani zetu Malawi na Msumbiji. Baadaye Uholanzi ikakuta kirusi hicho hicho kwenye sampuli zilizochukuliwa kwake Novemba 19 na 23. Kilikuwa kimeshafika Ulaya kabla ya tangazo. Waliosema ukweli mapema ndio walioadhibiwa, na nchi nyingine ikiona hivyo itaogopa kusema. Kwa Marburg ya Kagera, Shirika la Afya Duniani halikushauri zuio lolote la safari wala la biashara.

Kwa hiyo aliye na mgonjwa wa kupeleka India, au mwanafunzi anayerudi chuoni, aende na ajipange. Kuhusu anayekwenda kupumzika tu, msimamo wangu ni huu: wimbi likiwa linapanda, kwako au kule uendako, ahirisha. Likishuka, nenda, lakini usikate tiketi ya kurudi Ijumaa wakati Jumamosi una harusi. Acha siku kadhaa katikati, kaa nyumbani, zawadi za bibi zisubiri.

Na kubaki nchini hakumkingi mtu kwa jina tu. Basi lililojaa kutoka stendi yetu ya Nane Nane kwenda Mwanza linaambukiza vilevile kama ukumbi wa Istanbul, na mjomba wa Singida ana mapafu kama ya mtu mwingine yeyote. Kama shida yako ni kupumzika, tafuta pa wazi na watu wachache. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, iko Kolo, juu ya vilima, kwenye upepo. Barabara ya kutoka hapa hadi Babati ni lami. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, na gari la familia, mbebe maji na viatu vya kupandia.