Mbeya kama Mahali pa Biashara na Kazi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuhamia

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya, kutoka 385,279 waliohesabiwa mwaka 2012, yaani ongezeko la takribani asilimia 40 katika miaka kumi. Pamoja na hayo, wengi wanaolinadi jiji hili bado huanza na ubaridi wa hali ya hewa na mandhari ya mlima Loleza, mambo ambayo ni ya kweli lakini hayamsaidii mwenye mtaji kuamua. Yeye anataka kujua mzigo wake utapita wapi, atapata wapi mafundi, na gharama zipi zitamkuta mlangoni.

Kuhusu njia, Mbeya ina hoja nzito. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupita katikati ya jiji kuelekea mpaka wa Tunduma, huku barabara ya Tukuyu ikishuka hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Reli ya TAZARA, inayounganisha Tanzania na Zambia kupitia Mbeya, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067 sawa na reli za Zambia, hivyo behewa linaweza kuendelea na safari ng'ambo ya mpaka bila mzigo kushushwa na kupakiwa upya. Uwanja wa Ndege wa Songwe ulianza kutumika mwaka 2012.

Hata hivyo, kupitiwa na mizigo si sawa na kunufaika nayo. Lori linalopita bila kusimama huliachia jiji moshi na barabara iliyochakaa. Lori linalosimama kubadilishiwa tairi au kukaguliwa breki kabla ya miteremko humpa kazi fundi, muuza vipuri na mama lishe kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu, eneo la maegesho lenye gereji, choo na taa lingetangaza Mbeya kuliko mabango mengi.

Hoja hiyohiyo inaonekana wazi zaidi katika mazao. Viazi mviringo vya maeneo ya milimani ya Uporoto na Umalila vimezoeleka kuondoka vikiwa ghafi, na mara nyingi kwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa hadi mdomoni kisha kuongezewa kilemba kinachofungwa kwa kamba juu yake. Sheria ya vipimo inakataza ufungashaji huo, kwa sababu mkulima hulipwa bei ya gunia moja huku mnunuzi akiondoka na zaidi ya gunia. Anayefungua ghala lenye mizani, akachambua viazi kwa ukubwa na kuvipima kwa kilo, anaweza kuuziana kwa uhakika na hoteli na wakaangaji wa chipsi wa Dar es Salaam. Parachichi za Rungwe nazo zinahitaji uangalifu wa namna yake: tunda la aina ya Hass haliivi likiwa mtini bali baada ya kuchumwa, kwa hiyo saa za mwanzo baada ya kuvuna ndizo zinazoamua kama litafika soko la mbali likiwa zima. Chumba cha ubaridi karibu na shamba ni biashara inayojitegemea, wala si lazima mwenye nacho awe na shamba.

Kwa upande wa wafanyakazi, jiji lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe, chuo cha ufundi stadi cha VETA na Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Mwajiri asiwatafute wahitimu wa shahada pekee; fundi umeme na fundi wa mitambo aliyefunzwa vizuri ndiye anayewezesha mashine kuzunguka. Anayehamia kwa ajili ya kazi naye apime umbali kwa saa badala ya kilomita, kwa kuwa malori, daladala na bajaji hugombea barabara moja, na anayeishi Uyole akifanya kazi Iyunga huyavuka mabishano hayo yote kila siku. Upanuzi wa kipande cha barabara kuu cha Uyole hadi Ifisi kuwa njia nne umekusudiwa kupunguza adha hiyo.

Taratibu za kuanza zinafahamika: jina la biashara au kampuni husajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi hutolewa na TRA (mamlaka ya mapato), na leseni za biashara nyingi za kawaida hutolewa na halmashauri. Anayeajiri hujisajili pia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na bidhaa za kufungashwa hupelekwa TBS (shirika la viwango) kwa ajili ya alama ya ubora. Jambo linalopuuzwa mara nyingi ni kiwanja. Muuzaji atasifu ukaribu na lami, lakini mnunuzi aende kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize matumizi yaliyopangwa, kwa sababu kiwanja cha makazi hakigeuki kuwa cha kiwanda kwa maneno ya dalali, na kubadilisha matumizi huhitaji maombi, muda na ada ambazo zinapaswa kuhesabiwa ndani ya mtaji kabla malipo ya kwanza hayajatolewa.